Shajara ya mradi: kozi sita, muhula mmoja, Moodle moja

Wiki ya 0

Kazi tuliyokabidhiwa inaandikika kwa mstari mmoja: kuhamishia kozi sita za mwaka wa kwanza kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, kabla muhula haujaisha, zifundishike hata siku ambazo mhadhiri na wanafunzi hawako chumba kimoja. Tuko watatu. Mimi naratibu, msimamizi wa seva anashughulika na mitambo, na fundi wa maabara ya kompyuta tumeazimwa kwa siku mbili kila wiki.

Kwenye kikao niliulizwa kwa nini Moodle. Nikajibu kama inavyojibiwa siku zote: toleo la kwanza lilitoka Agosti 2002, mwanzilishi wake ni Martin Dougiamas wa Perth, Australia, msimbo uko wazi, na hakuna anayekutoza kwa kichwa cha mwanafunzi. Nikaongeza kwamba Open University ya Uingereza, ambayo imekuwa ikifundisha watu walio mbali tangu miaka ya 1970, iliichagua mwaka 2005. Vichwa vikatikiswa, tukapita. Sababu niliyoibakiza mfukoni ni kwamba msimamizi wetu wa seva anaijua PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa Moodle. Mfumo ukigoma usiku, kuna mtu anayeweza kuufungua akaona ndani. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko orodha yoyote ya sifa.

Wiki ya 1

Wahadhiri wameleta vitu vyao. Flashi sita, na ndani yake folda zenye majina kama "MPYA", "MPYA ya mwisho" na "MPYA ya mwisho KABISA". Fundi alipakia kila kitu siku ya kwanza, na kufikia jioni kozi zote sita zilikuwa na mafaili. Kama kipimo kingekuwa mafaili, mradi ungeishia hapo.

Niliingia kwenye kozi ya takwimu kwa akaunti ya majaribio, nikajifanya mwanafunzi. Nikakuta PDF arobaini na tatu zimepangana kwa herufi. Sijui nianze na ipi, nifanye nini nikishasoma, wala nitajuaje kama nimeelewa. Kabati la nyaraka, basi. Tukafuta zote tukaanza upya, wiki moja sehemu moja, kila sehemu ikiwa na kitu cha kusoma, kitu cha kutazama na kitu cha kufanya. Fundi hakufurahi, na sikumlaumu.

Wiki ya 2

Kazi ya kwanza ya kukusanya mtandaoni. Wanafunzi wa kozi ya mawasiliano walitakiwa kupiga picha kurasa za daftari zao na kuzipakia. Kabla ya saa nne asubuhi malalamiko yalikuwa yamejaa: "Faili ni kubwa mno."

Nilimwonyesha msimamizi. Mpangilio wa Moodle unaruhusu MB 50, na nimeuweka mwenyewe. Akanyamaza, akafungua faili la mipangilio ya PHP, php.ini, akaweka kidole kwenye skrini. upload_max_filesize = 2M. Hicho ndicho PHP huja nacho inaposakinishwa, na hakuna aliyekigusa. Chini yake kidogo, post_max_size = 8M. Na mbele ya vyote hivyo imekaa Nginx, programu inayopokea kila ombi linaloingia kwenye seva, ambayo isipoambiwa kitu huishia MB 1. Bahati nzuri hiyo alikwisha kuipandisha mwaka jana kwa ajili ya kazi nyingine. Faili la mwanafunzi hupita milango mitano: Nginx, PHP, mfumo mzima wa Moodle, kozi, na kazi yenyewe. Mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua, hata kama mingine minne imeachwa wazi.

Picha moja ya simu za siku hizi ina MB 3 hadi 5. Kwa hiyo tulimwambia mwanafunzi apige picha, tukamwekea mlango usiopitisha picha. Dakika kumi za kurekebisha, siku nzima ya kuomba radhi.

Nimefungua ukurasa mwishoni mwa shajara hii, nimeupa jina "Vilivyokuja vimewekwa". Kila mpangilio tutakaoukuta umechaguliwa na mtu asiyewajua wanafunzi wetu, nitauandika humo. Wa kwanza ni huu.

Wiki ya 3

Video. Profesa wa takwimu amerekodi mihadhara yake yote kwa bidii ya kusifika: dakika 50 kila mmoja, kamera imetulia nyuma ya darasa, ubao unaonekana kama bahasha kwa mbali. Faili la kwanza lina MB 610.

Nilimweleza kuhusu utafiti wa mwaka 2014 wa Philip Guo na wenzake, waliochambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Video zilizowashika wanafunzi ni zile zisizozidi dakika sita, na mihadhara ya darasani iliyorekodiwa ikakatwakatwa baadaye haikushika watu sawasawa na ile iliyopangwa kuwa mifupi tangu mwanzo. Alisikiliza, akasema, "Dhana ya sampuli haielezeki kwa dakika sita." Nikamwomba anieleze mimi. Akaielezea, nami nikiangalia saa. Saba na nusu, pamoja na mfano mmoja mzuri sana wa kuonja chumvi kwenye chungu: kijiko kimoja kinatosha ikiwa umekoroga. Huo mfano haumo kwenye mhadhara wa dakika 50.

Tumekubaliana arekodi upya mada nane ngumu tu. Zilizobaki zitakaa kama maandishi na sauti.

Kuhusu sauti: fundi alikokotoa mbele yangu. Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 15. Kwa maneno ya mtu anayezungumza, ukitumia Opus, aina ya ubanaji wa sauti, inasikika vizuri kabisa. Sasa kila video ina ndugu yake wa sauti tupu na slaidi zake pembeni. Nilidhani ni njia ya akiba kwa wenye bando dogo. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha sauti inafunguliwa kuliko video, hata na walio kwenye mtandao wa chuo.

Wiki ya 4

Mazoezi ya H5P, zana ya kutengeneza mazoezi shirikishi, yamewekwa kwenye kozi tatu. Maswali mafupi katikati ya video, hayana alama. Mhadhiri mmoja aliuliza faida ya swali lisilo na alama ni nini. Nikamtajia utafiti wa Roediger na Karpicke kuhusu kumbukumbu, 2006: waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma, ingawa waliorudia ndio waliojiamini zaidi. Alisema ataona.

Uigaji wa kemia wa zamani haufunguki. Ulitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya michoro inayotembea kwenye kivinjari, na Adobe waliizika tarehe 31 Desemba 2020. Tumeubadilisha kwa ule wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, unaofanya kazi kwenye kivinjari chochote na unaweza kupakuliwa ukatumika bila mtandao.

Wiki ya 5

Hii nitaiandika kwa urefu, kwa sababu najua itatokea tena kwa mtu mwingine.

Jumatano, saa 12 jioni, simu ya Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kijana, mfumo wenu umewafungia watoto wangu. Kwizi nimeiweka ifungwe leo saa mbili usiku. Tangu asubuhi wananipigia, wanasema imefungwa."

Nikafungua mipangilio ya kwizi huku akiwa bado hewani. Kufunga: Jumatano, 02:00.

"Profesa, hapa umeandika sifuri mbili, sifuri sifuri."

"Ndiyo. Saa mbili."

"Kwa mashine hiyo ni saa nane za usiku. Imefungwa watu wamelala."

Kimya. Kisha: "Saa mbili ni saa mbili."

"Kwetu, ndiyo. Yenyewe huanza kuhesabu katikati ya usiku, haihesabu kutoka machweo. Saa mbili yako ni 20:00."

Akacheka, nami nikashukuru kwamba amecheka. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa wewe unayejua hayo, ulitufundisha kubofya wiki nzima, hili hukulitaja?"

Sikulitaja. Mafunzo yetu yalikuwa na slaidi thelathini juu ya vitufe na hata moja juu ya saa. Profesa akitazama saa ya simu yake inayosema 20:00 anasoma "saa mbili" bila kufikiri, kama sisi sote. Tafsiri hiyo hufanyika kichwani wakati wa kusoma. Wakati wa kuandika ndipo inapoteleza, na hasa usiku, kwa kuwa 02:00 ni saa halali kabisa, mfumo hauna cha kulalamikia. Angeandika 25:00 ungemkatalia.

Nilirefusha muda hadi Alhamisi usiku, nikatuma tangazo. Kisha nikakaa na fundi tukatengeneza karatasi moja ya kubandika ukutani. Kanuni yake: mchana ongeza 6, usiku ongeza 18, ikifika au kuzidi 24 toa 24. Saa 3 asubuhi inakuwa 09:00. Saa 5 usiku inakuwa 23:00. Saa 8 usiku inakuwa 26, yaani 02:00. Fundi, ambaye hapendi kanuni zisizojaribiwa, akanipa saa 12:30 asubuhi. Sita na kumi na mbili na nusu: 18:30. Jioni! Ikabidi tuandike pembeni kwamba saa 12 ya asubuhi ihesabiwe na usiku, na saa 12 ya jioni ihesabiwe na mchana.

Kuna jingine limejificha nyuma yake. "Ijumaa saa sita usiku" kwa wanafunzi wetu ni mwisho wa Ijumaa. Kwa mfumo, 00:00 ya Ijumaa ni mwanzo wake, siku nzima kabla. Tumepiga marufuku saa sita usiku. Kila kazi inafungwa 23:55, na kwenye tangazo tunaandika kwa maneno: "Ijumaa, saa tano na dakika hamsini na tano usiku (23:55)."

Kwenye ukurasa wa "Vilivyokuja vimewekwa" nimeandika: saa.

Wiki ya 6

Matangazo ya wiki iliyopita hayakuwafikia watu. Lile la kurefusha muda wa kwizi, kwa mfano. Waliolipata ni wale walioingia wenyewe kwenye mfumo. Barua pepe hazikutoka.

Sababu ni cron. Moodle haina mkono wa kujisukuma yenyewe: kuna kazi ndogo ambayo seva inatakiwa kuiita kila dakika, nayo ndiyo hutuma barua, hufunga kwizi zilizoachwa wazi na kusafisha mabaki. Seva ilihamishwa mashine Jumanne, mstari wa cron ukasahaulika kwenye mashine ya zamani. Mfumo ukaonekana mzima, kurasa zinafunguka, ndani mapigo yamesimama. Wanafunzi kumi na wawili waliofunga kivinjari kabla ya kubonyeza "wasilisha" walionekana bado wanafanya kwizi, siku tatu baadaye.

Tulipoiwasha, kwizi zile zilijiwasilisha zenyewe na majibu yote yalikuwemo, kwa sababu mfumo huhifadhi kila dakika moja. Barua za zamani hazikutoka. Moodle haitumi ujumbe wa jukwaa uliozidi siku 2, pengine ni hekima, lakini siku ile sikuiona hivyo. Msimamizi ameweka kengele: cron ikinyamaza dakika kumi, simu yake inalia.

Wiki ya 7

Darasa la moja kwa moja la kwanza, kwa BigBlueButton, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Carleton kule Canada mwaka 2007, kwa kazi hii hasa ya kufundisha. Ubao mweupe upo, kura za haraka zipo, vyumba vya vikundi vipo.

Nusu ya darasa hawakusikia kitu. Wanaona slaidi, wanaona mshale wa mwalimu ukitembea, wanaandika "mwalimu hatukusikii", na mwalimu anazidi kupaza sauti, kana kwamba tatizo ni koo lake. Waliokumbana nalo wote waliona kosa namba 1007.

Sauti na video husafiri kwa UDP, njia ya haraka ya kupeleka data, kwenye milango ya mtandao (port) kati ya 16384 na 32768. Mtandao wa mabweni umefunga milango hiyo, kama mitandao mingi ya taasisi ifanyavyo. Slaidi hupita mlango wa kawaida wa kurasa, 443, ndiyo maana zilionekana. Dawa ni seva ya TURN, inayoichukua sauti na kuipitisha kwenye 443 hiyo hiyo. Msimamizi alifanya kazi siku mbili. Tulijaribu kwanza kuwaomba wenye mtandao wa mabweni wafungue milango. Barua yetu bado inazunguka.

Darasa la pili, kila mtu alisikia. Mhadhiri alifundisha vizuri mno, dakika 50. Kisha ikagundulika hakubonyeza kitufe cha kurekodi, na BigBlueButton haitengenezi rekodi isipobonyezwa, hata kama chumba kimeruhusiwa kurekodiwa. Sasa slaidi ya kwanza ya kila darasa ina neno moja: REKODI.

Wiki ya 8

Mitihani ya katikati ya muhula, ya karatasi. Hatukufanya chochote, na tulihitaji.

Wiki ya 9

Mwanafunzi wa kozi ya historia asiyeona alikuja ofisini na kompyuta yake. Akaniomba niketi, akafungua PDF ya wiki ya 3, akabonyeza. Kisoma skrini chake kikasema: "Ukurasa wa kwanza. Tupu. Ukurasa wa pili. Tupu." Akaendelea kubonyeza hadi ukurasa wa kumi na nne, taratibu, bila kusema neno. Hakuhitaji kusema.

Ni skani. Kwa macho ni maandishi, kwa mashine ni picha kumi na nne. Wiki tisa amekuwa akisomewa na mwenzake.

Tulipitisha skani zote za kozi sita kwenye Tesseract, programu ya kugeuza picha za maandishi kuwa maandishi, ambayo ina data ya Kiswahili, hivyo haikuhangaika na maneno yetu marefu. Ilihangaika na nakala zilizokunjwa, na vivuli vya vidole kwenye pembe. Fundi na wanafunzi wawili wa kazi za muda walisahihisha kurasa kwa mkono. Ikatokea faida ambayo hatukuiwazia: sasa kila mtu anaweza kutafuta neno ndani ya andiko, na mafaili yamekuwa mepesi.

Katika kupitapita tukakuta slaidi zenye maandishi ya kijivu juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa zisomeke na watu wote, unadai uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Zetu zilikuwa na 2.3. Mhadhiri mwenye slaidi hizo ana umri wa kuvaa miwani, naye alikiri huwa anazisoma kwa kumbukumbu.

Wiki ya 10 na 11

Kitabu cha alama. Mwanafunzi alipata 9 kati ya 10 kwenye kwizi ya kwanza, mfumo ukamwonyesha jumla ya kozi: 90%. Akaacha kazi mbili zilizofuata. Alipoulizwa akasema ana tisini, ana haraka gani.

Moodle ikiachwa ilivyo haihesabu kazi ambazo hazijapewa alama. Tukaiondoa tiki kwenye mpangilio huo. Mara darasa zima likawa limeanguka: yule wa 90% sasa ana 9 kati ya 100, na ujumbe wa hofu ukaanza kuingia. Namba zote mbili ni sahihi, na hakuna inayomwambia mwanafunzi anachotaka kujua, yaani amefika wapi. Tumeificha jumla hadi wiki ya 14. Kila kazi inaonyesha alama yake na maoni ya mhadhiri, basi. Kuna waliolalamika. Nadhani tuko sahihi, ila sijashawishika kabisa.

Wiki ya 12

Mhadhiri wa mawasiliano anataka tununue kifaa cha kutambua insha zilizoandikwa na akili mnemba. Nimekataa. Hata OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kitambuzi chao wenyewe Julai 2023 kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Kumtuhumu mwanafunzi kwa asilimia iliyotolewa na kifaa kisichoweza kujieleza ni jambo ambalo sitaliwekea saini. Badala yake insha sasa inakusanywa mara tatu: muhtasari, rasimu, na toleo la mwisho, kisha dakika tano za kuulizwa maswali kwa mdomo. Mhadhiri anasema kazi imeongezeka. Imeongezeka kweli.

Wiki ya 14

Kwizi za mwisho. Tulipanga wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza waanze kwa dakika moja, msimamizi akanitazama kama niliyetukana. Kufungua kwizi ndiko kunakoielemea hifadhidata kuliko kuifanya. Tumewagawa makundi manne, dakika kumi na tano baina yao, na kila kundi maswali yanachotwa kwenye benki ya maswali kwa bahati nasibu. Seva haikutikisika.

Nakala rudufu: tulikuwa nazo, kwenye diski ile ile ya seva. Zimehamishwa. Fundi alichukua faili moja la .mbz akalirudisha kwenye kompyuta tupu kuona kama kozi inafufuka. Ilifufuka, isipokuwa video, kwa sababu tulizihifadhi nje ya Moodle. Hilo tulipaswa kulijua.

Wiki ya 15

Kozi tano kati ya sita ziko tayari kufundishwa upya muhula ujao bila sisi kukaa pembeni. Ya sita, kemia, ina maabara, na vitendo vyake bado havina pa kwenda; uigaji haumfundishi mtu kushika bureti. Itabaki nusu kwa nusu.

Ukurasa wa "Vilivyokuja vimewekwa" umefika mistari ishirini na sita. Jumatatu tunaupeleka kwa wanaoanza kozi za mwaka wa pili, kabla hawajafungua flashi zao.

Jana Profesa alinitumia ujumbe. "Kwizi ya marudio nimeiweka 20:00. Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Ingia uangalie." Nimeingia. Saa iko sawa. Tarehe ni ya mwaka jana.